Data Zimegoma

Wanafunzi wanaoniletea kazi zao wana namna yao ya kutoa taarifa ya msiba. Anaingia, anaweka begi sakafuni, anashusha pumzi, kisha: "Dada, data zimegoma." Maana yake thamani ya p, yaani nafasi ya bahati tupu kuleta pengo kubwa kama lililoonekana au zaidi, imetoka 0.2 au 0.4 badala ya kushuka chini ya 0.05 iliyozoeleka, jedwali la SPSS, ile programu ya takwimu, halina hata nyota moja ya kuonyesha p ndogo, na utetezi wa tasnifu ni mwezi ujao.

Nachambua takwimu Morogoro, mji wenye vyuo vya kutosha kumweka mjini mtu wa kazi kama yangu. Wateja wangu ni walimu wanaosoma shahada ya uzamili huku wakifundisha, maofisa ugani, wauguzi, na mara mojamoja mfugaji mwenye swali lake mwenyewe ambaye hana haja ya cheti. Kwa miaka yote hii sijaona data zilizogoma. Nilichokiona ni sentensi mbili zilizonakiliwa kutoka tasnifu ya mtu wa mwaka uliopita, zikapachikwa sura ya kwanza ili msimamizi aridhike, zikasahaulika humo mpaka siku ya kufungua kompyuta. Sentensi hizo ni nadharia tete ya sifuri na nadharia tete mbadala, H0 na H1, yaani madai mawili yanayoshindanishwa mbele ya data. Hesabu inamalizwa na mashine kabla hujameza mate. Kuziandika hizo mbili, mashine haikusaidii.

Mwalimu mmoja wa hisabati alitaka kujua kama mbinu shirikishi, yaani wanafunzi kukaa vikundi na kujadiliana, zinawasaidia kuliko mwalimu kusimama mbele na kuhubiri. Swali zuri. H1 yake ilisema: "Mbinu shirikishi zinaongeza ufaulu wa hisabati." H0 ikasema: "Mbinu shirikishi zinapunguza ufaulu wa hisabati."

Nikamwuliza, "Mwalimu, na kama hazifanyi lolote, matokeo hayo tutayaweka wapi?"

Alikodolea karatasi muda mrefu, kisha akaanza kucheka.

Kosa hilo nimelikuta kwenye andiko baada ya andiko. Mtu anadhani H0 ni adui wa H1, basi anachukua kinyume cha kile anachokitamani. Kumbe H0 ni hali ya kutokuwepo jambo. Tulipokaa chini ikawa hivi: wastani wa alama za hisabati kwa wanafunzi wanaofundishwa kwa mbinu shirikishi ni sawa na wastani wa wanaofundishwa kwa mhadhara. H1: wastani huo si sawa. Ndani ya sifuri lazima kuwe na "sawa", na sababu yake ni ya kikazi kabisa. Ukisema pengo ni sifuri, nina mahali pa kuanzia kuhesabu. Naweza kuuliza: kama kweli hakuna tofauti, bahati peke yake ya nani kaangukia kundi gani ingeleta mapengo ya ukubwa gani? Alama 1? Alama 3? Alama 9 ni mara ngapi katika 100? Lakini ukiniambia pengo "lipo", sina pa kushika. Lipo kiasi gani? Alama 2 na alama 40 zote ni "lipo".

Ndiyo maana tunaupima upande ambao hatuutaki. Wanafunzi huona kama ukorofi wa wanatakwimu, lakini ndio upande pekee wenye namba.

Kuna ndugu wa kosa hilo ambao nawapitia haraka. Wapo wanaoandika "wakulima hawana uelewa wa kutosha kuhusu mbegu bora" na kuiita H0. "Wa kutosha" ni kiasi gani, na ukilinganisha na nani? Na wapo wanaoandika kuhusu "wanafunzi 120 waliohojiwa". Hao 120 tayari unao mkononi, wastani wao unaujua mpaka nukta ya pili. Huna haja ya kudhania chochote juu yao. Nadharia tete inawahusu wale ambao hukuwafikia.

Jambo hili nililielewa vizuri zaidi nyumbani kuliko darasani, na aliyelisababisha ni shangazi yangu.

Shangazi kazaliwa Kyela. Anasema mchele wa Kyela anautambua kwa harufu sufuria ikiwa bado imefunikwa, na kwamba huu wa Ifakara tunaokula sisi watu wa Morogoro ni wali tu wa kushibia. Binamu yangu, kijana wa maneno mengi, akasema hayo ni majivuno ya kwao, kwamba ukimfumba macho hajui lolote. Ilikuwa Jumapili, watu tupo, na mimi nikakumbuka jaribio moja ambalo kila aliyesoma takwimu amewahi kulisikia.

Miaka ya 1920, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwanasayansi wa mwani aitwaye Muriel Bristol alisema anaweza kujua, kwa kuonja tu, kama kikombe kilitiwa maziwa kwanza au chai kwanza. Ronald Fisher alikuwa kituoni hapo. Badala ya kubishana akaandaa vikombe, na katika kitabu chake cha 1935 aliutumia mfano huo kueleza majaribio yanavyopangwa: vikombe 8, vinne vya kila aina, vimepangwa kwa nasibu. Humo ndimo alimotumia jina la nadharia tete ya sifuri, na akasisitiza kwamba sifuri inaweza kukanushwa na jaribio lakini haithibitishwi kamwe.

Sisi tukafanya na visahani vya wali. Visahani 8, vinne vya Kyela na vinne vya Ifakara. Mpangilio tuliupata kwa kuokota vikaratasi kwenye bakuli. Aliyepakua hakuwa aliyepeleka mezani, na aliyepeleka hakujua kipi ni kipi. Shangazi aliambiwa kwamba vya Kyela ni vinne, avichague.

Kabla hajaonja nikaandika nyuma ya bahasha. H0: uchaguzi wa shangazi hauna uhusiano wowote na mchele uliomo kisahanini. H1: uchaguzi wake unaelekea kwenye Kyela kuliko bahati inavyoweza kueleza. Visahani vinne kati ya 8 vinaweza kuchaguliwa kwa njia 70. Njia moja tu ndiyo inayopata vyote vinne. Kwa hiyo kama anabahatisha, nafasi ya kupatia vyote ni 1 kwa 70, kama 0.014. Lakini kupata vitatu na kukosa kimoja kuna njia 16. Ukijumlisha na ile moja ni 17 kwa 70, yaani 0.24. Mtu asiyejua lolote atapata vitatu au zaidi karibu mara moja katika kila nne. Hilo haliwezi kuitwa ushahidi. Tukakubaliana: tutaikataa sifuri akipata vyote vinne tu.

"Yaani nikikosa kimoja nimekuwa mwongo?" shangazi akauliza.

"Hapana, shangazi. Ukikosa kimoja tutakuwa hatujajua."

Akapata vitatu.

Binamu aliruka juu. "Imethibitika! Hajui!" Na hapo nikamwona mbele yangu kila mwanafunzi aliyewahi kuniandikia "H0 imekubaliwa". Hakuna kilichothibitika. Mtu anayebahatisha angeweza kupata vitatu kirahisi, na mtu anayejua mchele vizuri lakini si kwa ukamilifu angeweza kupata vitatu vilevile. Jaribio letu lilikuwa dogo mno kuwatenganisha watu hao wawili. Lilimpa nafasi mtu mwenye pua ya malaika pekee. Na huo si udhaifu wa shangazi, ni udhaifu wa visahani 8.

Jioni, baada ya vyombo kuoshwa, nilipiga hesabu ya visahani 12, sita kwa sita. Njia ni 924. Kupata vyote sita ni njia 1, kupata vitano ni njia 36. Jumla 37 kwa 924, kama 0.04. Kwa visahani vinne tu vya nyongeza, shangazi angeruhusiwa kukosea kisahani kimoja na bado sifuri ikaanguka chini ya 0.05. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini msimamizi anasumbua kuhusu ukubwa wa sampuli kabla hujaenda uwandani. Ukubwa wa sampuli ndio unaoamua kama mbadala wako atapewa nafasi ya kuonekana akiwa wa kweli.

Shangazi alikuwa na hoja nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko zote zilizosemwa siku ile. Alisema sufuria moja ilizidishwa maji. Fikiria angepata vyote vinne. H0 ingeanguka kihalali, uchaguzi wake ungekuwa na uhusiano na mchele. Lakini labda alichokishika si harufu ya Kyela, ni ulaini wa wali uliozidi maji. Sifuri ikianguka, hadithi uliyoipanga wewe hairithi kiti chake moja kwa moja. Inabidi uwe umeziba njia nyingine kwenye mpango wa jaribio: maji yaleyale, moto uleule, sufuria za aina moja. Mwalimu wangu wa mbinu shirikishi alikuwa na tatizo hilohilo bila kujua. Darasa la vikundi alilifundisha yeye, la mhadhara alilifundisha mwenzake anayechukiwa na wanafunzi. Tofauti ikitokea, ya nani?

Raundi ya visahani 12 haijafanyika. Shangazi anasema hafanyi sapu. Na kusema kweli hata ningeifanya, ningelazimika kuitoa pamoja na ile ya kwanza, kwa sababu ukimpa mtu marudio kila anaposhindwa, siku moja atapita hata kama hana pua.

Wanafunzi huniuliza, kama Fisher alijiendesha na sifuri peke yake, hii mbadala imetoka wapi? Ililetwa na Jerzy Neyman na Egon Pearson, kwenye kazi yao maarufu ya 1933. Hoja yao, kwa lugha ya kawaida: huwezi kuchagua jaribio zuri bila kusema unatafuta nini badala ya sifuri. Na ukishataja vyote viwili, makosa nayo yanakuwa mawili. La kwanza ni kuikataa sifuri iliyo kweli, la pili ni kushindwa kuikataa sifuri isiyo kweli. Fisher hakupendezwa, na wakubwa hao waligombana kwa miaka mingi. Vitabu vya vyuoni vimewaweka chumba kimoja kana kwamba hawakuwahi kukosana, na mkanganyiko mwingi wa wanafunzi nahisi unatoka humo.

Makosa hayo mawili aliyenieleza vizuri ni mfugaji wa kuku wa nyama, mtu ambaye hajawahi kuandika H0 maishani. Alikuwa ameletewa chakula kipya, ghali kuliko alichokizoea, na muuzaji anaapa kuwa kuku wanakuwa wazito zaidi. "Naogopa mambo mawili, dada. Ninunue kumbe ni uongo, au niache kumbe ni kweli." Basi. Alfa ni kiwango unachojiwekea cha kuikataa sifuri, na alfa ya 0.05 ni kusema hofu ya kwanza utaivumilia mara 5 katika 100. Ya pili inategemea una kuku wangapi na ziada ya uzito ina ukubwa gani. Yeye aliuliza pia swali ambalo wasomi hulisahau: ziada ya gramu ngapi inalipa bei ya mfuko? Tulikubaliana gramu hizo kwanza, kisha tukagawa vifaranga kwa nasibu.

Kwake nilimruhusu jaribio la upande mmoja. H1 yake ilisema chakula kipya kinaongeza uzito wa wastani, si kwamba kinaubadilisha tu. Sababu ni kwamba kama kingepunguza uzito au kisifanye kitu, uamuzi ulikuwa uleule: hanunui. Wengi wa wanafunzi wangu hawana ruhusa hiyo, hata wakiwa na uhakika kiasi gani wa mambo yataelekea wapi.

Muuguzi mmoja, msomaji mzuri, alinibishia. Utafiti wake ulihusu huduma ambayo "kila mtu anajua inasaidia", sasa kwa nini aandike pande mbili? Nikamsimulia utafiti wa FEAST. Ulifanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda. Kwa upande wetu ilikuwa Muheza, mkoani Tanga. Watoto walikuwa wanafikishwa hospitali na homa kali huku mzunguko wa damu ukiwa umedhoofika, na mwongozo uliozoeleka katika nchi tajiri ulikuwa kuwapa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Watafiti walitarajia maji hayo yaokoe maisha. Watoto wakagawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: maji yenye albumini (protini ya damu), maji ya chumvi, na kundi ambalo halikupewa maji hayo ya haraka. Januari 2011, baada ya watoto 3,141, kamati huru iliyokuwa inafuatilia data ilishauri usajili usimamishwe. Ndani ya saa 48, waliofariki walikuwa asilimia 10.6 kwenye kundi la albumini, 10.5 kwenye maji ya chumvi, na 7.3 kwenye kundi lisilopewa.

Sasa andika H1 ya upande mmoja hapo: "maji ya haraka yanapunguza vifo." Matokeo yale yangeangukia kwenye kapu la "hatukupata ushahidi kwamba yanapunguza", kapu lilelile la tiba isiyo na faida wala hasara. Ukitazama upande mmoja tu, ishara kwamba tiba inaua haina mahali rasmi pa kuingilia. Muuguzi hakusema kitu. Alichukua kalamu, akafuta "inapunguza", akaandika "si sawa".

Niseme pia kuhusu mwelekeo unaobadilishwa usiku. Mwanafunzi anapata p ya 0.08 kwa jaribio la pande mbili. Ana akili, amesoma, anajua kuwa upande mmoja huigawa kwa mbili. "Dada, si tuseme tangu mwanzo tulitarajia kuongezeka? Inakuwa 0.04." Hesabu yake ni sahihi. Lakini mtu anayesubiri kuona data zimeelekea wapi ndipo achague upande, amejipa nafasi kwenye pande zote mbili kwa 0.05 kila moja. Kosa lake halisi la aina ya kwanza ni 0.10, na kwenye tasnifu ataandika 0.05. Huo ni uongo hata kama kila namba kwenye jedwali ni ya kweli. Kazi za namna hiyo huwa nazirudisha, na nimepoteza wateja kwa sababu hiyo. Wapo wengine mjini wanaozifanya.

Jirani wa tabia hiyo ni hojaji yenye maswali 20 ambapo kila swali linapimwa dhidi ya jinsia, ili kuona "kipi kitatoka". Kama hakuna tofauti yoyote popote, na majaribio hayategemeani, uwezekano wa kupata angalau nyota moja ya 0.05 ni kama asilimia 64. Mwanafunzi anaikuta nyota moja kwenye swali la 13, anaijengea sura nzima ya tano, anaitafutia na wananadharia wa kuiunga mkono. H0 yake iliandikwa baada ya H1 kuonekana. Siku ya utetezi hakuna wa kumkamata, maana mpangilio wa sura unaonyesha nadharia tete ziko mwanzoni.

Kwa upande mwingine wapo waliotoka na p kubwa kihalali, nao wanaharibu kwa sentensi moja ya mwisho. Nilikuwa na kazi iliyolinganisha watoto waliokamilisha chanjo kati ya kaya ambazo mama amemaliza sekondari na ambazo hakumaliza. Kaya 60, nusu kwa nusu. Waliokamilisha walikuwa 24 kati ya 30 upande mmoja na 20 kati ya 30 upande mwingine. Thamani ya p, 0.24. Mwenye kazi akaandika: "Imethibitika kuwa elimu ya mama haina uhusiano na chanjo ya mtoto."

Nilimwomba atazame pengo lenyewe pamoja na mipaka yake. Asilimia 80 dhidi ya 67, pengo la pointi 13. Mipaka ya asilimia 95 inaanzia karibu pointi 9 chini ya sifuri hadi karibu pointi 35 juu yake. Yaani data zake zinapatana na pengo la sifuri, sawa, lakini zinapatana vilevile na pengo la pointi 30, ambalo lingemkosesha usingizi mganga mkuu wa wilaya. Kusema "haina uhusiano" ni kuchagua namba moja ndani ya mipaka hiyo kwa sababu tu ndiyo tuliyoiandika kwenye H0. Sentensi ya haki ni ndefu na haipendezi: kwa kaya hizi 60 hatukupata ushahidi wa kutosha kuikataa sifuri, na utafiti huu hauwezi kuondoa uwezekano wa tofauti kubwa.

"Wataniuliza kwa nini nilichukua kaya 60," akasema.

"Watakuuliza. Waambie ulikuwa na nauli ya kaya 60."

Lakini vipi kama mtu kweli anataka kuonyesha kwamba vitu viwili vinalingana? Swali hilo ni halali, na jibu lake ndilo huwashtua wengi: unageuza sifuri yenyewe. Mfano mzuri uko Mwanza. Huko wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishirikishwa katika utafiti wa chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kulinganisha kinga mwilini kwa waliopata dozi moja, mbili au tatu. Watafiti hawakutaka kuonyesha kuwa dozi moja ni bora kuliko tatu. Walitaka kujua kama haiko nyuma kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Kwa hiyo kiasi hicho kinatajwa kwanza, kabla ya sindano ya kwanza, na sifuri inasema: dozi moja iko nyuma kwa kiasi hicho au zaidi. Ukiikataa hiyo, umepata unachokitafuta. Sampuli ndogo hapo haikusaidii kujificha. Ukiwa na watu wachache mipaka inatanuka na sifuri inabaki imekukalia. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani, likiegemea tafiti za nchi kadhaa, liliruhusu ratiba ya dozi moja kwa wasichana, na 2024 Tanzania nayo ikahamia dozi moja. Huwa nawaambia wanaopenda kuandika "H0 imekubaliwa" wajaribu kufikiria kampeni nzima ya chanjo imejengwa juu ya p ya 0.24 na kaya 60.

Siku hizi nina utaratibu ambao wateja wengine wanauona wa kishamba. Kabla sijafungua faili la mtu, namwomba aandike kwa mkono, kwenye karatasi tupu, mambo manne: sifuri yake ikiwa na neno "sawa" ndani, au na kiwango chake kama ni kazi ya aina ile ya Mwanza, mbadala wake na upande wake, pengo dogo kabisa ambalo lingemfanya mtu fulani abadilishe uamuzi, na huyo mtu ni nani, kisha tarehe. La tatu ndilo linalowatoa jasho. Wengi wanaweza kuandika H0 na H1 kwa mtindo wa kitabu, lakini ukiwauliza ni nani atafanya nini tofauti sifuri ikianguka, wanatazama dari. Mfugaji wangu wa kuku alilijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Mwalimu wa hisabati alirudi mwaka uliofuata, safari hii na madarasa mengi zaidi, kila mwalimu akifundisha kwa mbinu zote mbili. Matokeo yake sitayasema, ni yake kuyachapisha. Naweza kusema tu kwamba alikuja wiki kadhaa kabla ya kugawa hojaji hata moja, na wanaokuja mapema hivyo nawatoza nusu bei. Wanaokuja na data zilizogoma wanalipa kamili.